Kunywesha Miti ya Matunda Kisiwani: Somo la Kisiwa Panza

Wasomaji wetu wengi hukaa bara, na huko mtu atakaye kunywesha shamba lake huuliza swali moja tu: Nitayapata wapi maji? Akiona mto huchimba mfereji. Asipouona huchimba kisima, na maji yakipungua huchimba zaidi. Lakini mtu wa kisiwa kidogo hawezi kufanya hivyo. Chini ya maji yake matamu pana bahari, na sururu yake ikizidi kushuka yafungua mlango wa chumvi. Kwake yeye kuchimba zaidi ni kuifuata chumvi.

Basi leo twataka kujifunza jinsi miti ya matunda inavyoweza kunyweshwa mahali penye maji machache. Mfano wetu utakuwa Kisiwa Panza, huko Pemba. Watu wa bara wasiseme kwamba somo hili haliwahusu, maana visima vya chumvi viko bara pia, na mito hupungua. Walimu wakipenda waweza kulisoma mbele ya watu, kisha wayatumie maswali yaliyo mwisho.

1. Kisiwa chenyewe

Kisiwa Panza ni kisiwa kidogo cha wilaya ya Mkoani, katika Mkoa wa Kusini Pemba. Wenyeji wake ni wavuvi na wakulima. Nchi yenyewe ni ya chini; mahali pengi bahari haiko mbali na shamba, na katikati yao husimama mikoko.

Mtu akitazama mvua tu atadhani kwamba hapa hapana shida ya maji. Pemba hupata zaidi ya milimita 1,500 za mvua kwa mwaka, kupita mara mbili ya mvua ya Dodoma. Lakini mvua hii haiji sawasawa. Masika hunyesha tangu Machi hata Mei, tena mvua nyingi. Vuli hurudi mwisho wa mwaka. Kati yake pana kiangazi, tangu Desemba hata Februari, wakati pepo za kaskazi zivumapo na jua likichoma. Mti mkubwa huvumilia. Mti mchanga uliopandwa mwaka jana hunyauka, na mwenyewe asipouangalia hufa kabla ya masika kufika.

Tena liko jambo la pili, zito kuliko la kwanza. Katika miaka hii ya karibuni maji ya bahari yameingia katika mabonde na mashamba ya Kisiwa Panza, hasa wakati wa bamvua, na mahali palipolimwa mpunga zamani pameharibika kwa chumvi. Wenyeji wamejibu kwa kupanda mikoko ili kuyazuia maji. Kwa hiyo mwenye bustani ya miti hapa hupigana na adui wawili kwa mara moja: ukame utokao juu na chumvi itokayo chini na pembeni.

2. Maji matamu yaelea

Imekuwaje kisima cha kisiwa kutoa maji matamu, ijapokuwa bahari imekizunguka pande zote? Jibu ni uzito. Lita 1 ya maji matamu ina uzito wa gramu 1,000. Lita 1 ya maji ya bahari yapata gramu 1,025, kwa sababu ya chumvi iliyomo. Maji ya mvua yakizama katika nchi ya kisiwa hayachanganyiki upesi na maji ya bahari yaliyomo chini, bali hukaa juu yake, kama chombo kinavyoelea.

Mfano huu wa chombo tuushike, maana wafaa sana. Jahazi lililopakiwa huonekana kidogo juu ya maji, na sehemu kubwa imezama. Ndivyo yalivyo maji matamu ya kisiwa. Yakisimama sentimeta 10 juu ya usawa wa bahari, chini ya usawa huo yaweza kushuka karibu mita 4, yaani mara 40. Mhandisi Mholanzi aitwaye Badon Ghijben aliyaeleza haya mwisho wa karne ya 19, na mwaka 1901 Mjerumani Herzberg aliyaeleza tena, baada ya kuchunguza visima vya kisiwa cha Norderney katika Bahari ya Kaskazini. Hesabu hii si sawa kabisa kila mahali, kwa kuwa mawe na mchanga hutofautiana, lakini njia yake ni ile ile.

Sasa tuulize: Jahazi likipakuliwa shehena, mkuku wake hufanyaje? Hupanda. Vivyo hivyo tukichota maji matamu mengi mahali pamoja, juu yapungua kidogo, lakini chini chumvi yapanda sana. Maji yakishuka kisimani kwa sentimeta 10 tu, na kukaa hivyo siku nyingi, chumvi yaweza kupanda mita nzima au zaidi chini ya kisima kile. Mwenye kisima haoni kitu. Huona maji yapo, yateka vizuri, hata siku moja yana ladha nyingine. Siku ile amechelewa, maana chumvi hupanda upesi kuliko inavyoshuka. Huenda ikapita masika moja au zaidi kabla kisima hakijapona.

Ndiyo sababu twasema kwamba kisiwani swali halisi si, Nitapata wapi maji mengi? Swali ni, Nifanyeje ili machache niliyo nayo yasipotee?

3. Mti mmoja hutaka maji kiasi gani?

Tufanye hesabu nyepesi, ambayo kila mtu aweza kuifanya kwa kijiti mchangani. Mvua ya milimita 1 ikianguka juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Wakati wa kiangazi jua na upepo huondoa katika nchi yenye majani yapata milimita 5 kwa siku. Basi kila mita ya mraba iliyofunikwa na majani ya mti hutumia yapata lita 5 kila siku.

Mchungwa mchanga ambao kivuli chake ni duara ya upana wa mita 1 hufunika pungufu ya mita 1 ya mraba. Hutaka kama lita 4 kwa siku. Ndoo moja ya lita 20 yatosha miti mitano. Hata mtoto aweza kuifanya kazi hiyo jioni.

Lakini mwembe mzima wenye kivuli cha upana wa mita 8 hufunika mita 50 za mraba. Huo hutumia lita 250 kwa siku, ndizo ndoo 12 na zaidi, kwa mti mmoja tu. Miembe kumi yataka ndoo 125 kila siku. Nani atazichota? Na kisima gani cha kisiwa kitazivumilia?

Hapa twapata kanuni ya kwanza: kisiwani tunywesheni watoto wa miti, si wazee. Mti mzima umekwisha kutandaza mizizi yake mbali na kuyatafuta maji wenyewe. Mti mchanga hauna mizizi hiyo bado. Tukiuvusha kiangazi cha kwanza na cha pili, na pengine cha tatu, tumemaliza kazi. Na ili kiangazi cha kwanza kisiukute dhaifu, yafaa uingizwe shimoni mwanzo wa masika, upate miezi mingi ya kushuka chini kabla ya jua kali. Anayepanda mwisho wa vuli hujitafutia kazi ya ndoo.

Tena tusipande kwa kuangalia ukubwa wa shamba. Tupande kwa kuhesabu maji. Mwenye lita 40 kwa siku ana nafasi ya miti michanga kumi. Akipanda hamsini atakosa yote hamsini.

4. Njia za watu wengine

Kabla ya kusema njia zifaazo, tuangalie wengine wamefanyaje. Maana kila nchi imejifunza kwa shida yake.

Wachaga wa Kilimanjaro walichimba mifongo tangu zamani, kabla ya wageni kufika. Maji huchukuliwa katika vijito vya juu, huongozwa kwa mfereji mwembamba ubavuni mwa mlima, hata yafike katika vihamba vya migomba, na baadaye ya kahawa. Mahali pengine huwekwa bwawa dogo la kukusanya maji ya usiku, ili asubuhi yafunguliwe kwa nguvu. Uzuri wa mfongo si mfereji tu, ni sheria zake: wenye mfongo mmoja huusafisha pamoja, kila mmoja ana zamu yake, na asiyekuja kazini hutozwa. Lakini katika mfereji wa udongo maji mengi hupotea njiani. Mlimani hasara hii husamehewa, kwa kuwa kijito hutoka tena kesho. Kisiwani, pasipo kijito wala mteremko, mfereji haufai. Sheria zake zafaa.

Watu wa Oman, ambao wengi walihamia Pemba na Unguja zamani na kushika mashamba ya mikarafuu, wana njia yao kwao iitwayo falaji. Maji huchukuliwa chini ya mlima au katika bonde, na kuletwa kwa mfereji, pengine chini kwa chini, hata penye mitende. Falaji zipatazo 3,000 zatumika hata leo, na mwaka 2006 tano kati yake ziliandikwa na UNESCO katika urithi wa dunia. Maji hugawanywa kwa saa. Zamani waliyapima mchana kwa kivuli cha kijiti na usiku kwa nyota. Lakini jambo litupasalo kulishika ni taratibu yao. Kwanza maji ya kunywa watu. Kisha mitende na miti mingine ikaayo miaka mingi. Mwisho mashamba ya msimu, ya nafaka na majani ya wanyama. Mwaka wa ukame mashamba ya msimu hupunguzwa, au huachwa, ili mitende ipone. Maana shamba la msimu lililokosa maji ni hasara ya mwaka mmoja, bali mtende uliokufa ni hasara ya miaka mingi.

Mizabibu ya Dodoma nayo yafundisha. Ililetwa na wamisionari wa Kikatoliki katika miaka ya 1950, na leo ndiyo sifa ya nchi ile. Mvua yake ni chache, hufika milimita 600 hivi tu, nayo hunyesha msimu mmoja. Hata hivyo mkulima huvuna mara mbili kwa mwaka. Kule hakuna baridi kali ya kuulaza mzabibu, kwa hiyo mkulima mwenyewe huuamsha kwa kisu: akiukata matawi yake huchipuka na kuzaa. Akijua siku ya kukata, ajua pia siku ambazo mzabibu utahitaji maji zaidi, naye huyaweka akiba kwa siku hizo. Huko Chinangali, wilaya ya Chamwino, wakulima wadogo walitandikiwa mipira ya kudondosha maji penye shina tu. Twajifunza mambo mawili: kwamba maji yapewe mti kwa wakati wake, na kwamba yawekwe penye mizizi, siyo penye magugu.

Mtu akiuliza, Je, tupande mizabibu Pemba? twamjibu: Mzabibu hupenda hewa kavu. Penye unyevu mwingi na mvua nyingi huingiwa na ukungu, tena hauipendi chumvi. Pemba ina michungwa, miembe, mishelisheli, mishokishoki na minazi. Tusiache kilicho chetu kwa kukitamani cha Wagogo.

5. Njia zifaazo kisiwani

Kwanza, kuchagua mahali. Mnazi na mtende huivumilia chumvi kuliko miti mingine. Mkwaju na mkunazi nayo ni migumu. Hiyo yaweza kukaa upande wa ufuo. Michungwa, midimu na miembe hudhurika upesi. Ipandwe mbali na pwani, mahali palipoinuka, wala isipandwe kamwe katika bonde lililowahi kuingiwa na maji ya bamvua. Hakuna njia ya kunywesha itakayouponya mchungwa uliopandwa mahali pa mkoko.

Pili, shimo na makumbi. Shimo lichimbwe pana, upana na kina cha sentimeta 60 au zaidi. Chini yake tupange makumbi ya nazi, tumbo lake likitazama juu kama bakuli, safu mbili au tatu, kisha udongo uliochanganywa na samadi. Makumbi huyanywa maji ya masika na kuyatoa polepole. Lakini tuangalie: makumbi yaliyofukiwa pwani ili kufanya kamba yamejaa chumvi. Hayo yasitumike, au yaachwe mvuani masika nzima kwanza.

Tatu, matandazo. Nchi tupu yenye jua hupoteza maji bila faida kwa mti. Tutandaze majani makavu, makuti au nyasi kuuzunguka mti, unene wa kiganja, upana kupita kivuli chake. Penye shina lenyewe tuache nafasi ya shubiri moja, ili shina lisioze na mchwa wasipate njia. Kazi hii haina gharama, nayo yapita mitambo mingi kwa faida. Mtu anayemwagia maji juu ya mchanga mtupu wakati wa kaskazi hulinywesha jua.

Nne, mtungi wa kufukia. Njia hii ni ya kale mno. Kitabu cha kilimo cha Mchina Fan Shengzhi kiliieleza zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Twaa mtungi wa udongo uliochomwa, usiopakwa kitu cha kuziba vinyweleo vyake, wa lita 5 hata 10. Ufukie karibu na mti mchanga, kiasi cha shubiri mbili kutoka shinani, mdomo tu uonekane. Ujaze maji, uufunike kwa kigae au kifuu ili mbu wasizae ndani na jua lisiyanywe. Maji hupenya ukutani mwa mtungi kidogo kidogo. Nchi ikiwa kavu huyavuta; ikiwa na unyevu haivuti sana. Hivyo mti wenyewe ndio upimao. Mwenye shamba hujaza mara mbili au tatu kwa juma, wala hahitaji pampu. Mtungi ukiacha kupunguza maji, umezibwa na chokaa. Ufukuliwe, usuguliwe, au uletwe mwingine. Na wafinyanzi wetu hupata kazi.

Tano, matone. Mipira ya matone ya siku hizi ilianza Israeli. Mhandisi Simcha Blass alibuni njia yake, na tangu mwaka 1965 kibutsi cha Hatzerim kilianza kuitengeneza kwa kuuza. Mpira mwembamba hulazwa kandokando ya miti, na penye kila mti maji hudondoka tone kwa tone. Pipa likiinuliwa mita 1 au 2 juu ya nchi lasukuma maji ya kutosha bustani ndogo. Asiye na mpira aweza kutumia chupa ya plastiki: huitoboa tundu dogo kifunikoni, hukata kitako, huisimamisha kichwa chini kando ya mti. Lakini maji ya visima vya mawe ya matumbawe yana chokaa nyingi, na chokaa huziba matundu. Maji yachujwe kwa kitambaa, na matundu yaangaliwe kila juma. Mpira ulioziba waonekana mzima, na mti wafa kimya.

Sita, maji ya bati. Tuseme nyumba ina paa la bati la mita 6 kwa 8, ndizo mita 48 za mraba. Mvua ya milimita 100 tu ikinyesha, hata tukitoa sehemu ya tano kwa kupotea, twapata zaidi ya lita 3,800. Tangi la lita 5,000 lililojaa mwisho wa vuli, likigawanywa katika siku 90 za kiangazi, latoa lita 55 kila siku. Hizo zanywesha miti michanga kumi na mitatu, wala kisima hakikuguswa. Haya ndiyo maji bora kuliko yote kwa bustani ya kisiwa, kwa kuwa hayana chumvi hata kidogo, tena kila lita itokayo tangini ni lita iliyobaki kisimani.

6. Kuijua chumvi kabla haijaua

Mti uliopatwa na chumvi husema mapema, kwa mwenye macho. Majani ya zamani huungua ncha, kisha kingo, yakawa rangi ya kahawia kana kwamba yamepitishwa motoni. Katikati yangali mabichi. Wengi wakiona hivyo hudhani ni kiu, nao huzidisha maji yale yale ya kisima. Wamezidisha sumu.

Tuhesabu tena. Maji yenye gramu 1 ya chumvi kwa lita huonekana kuwa na chumvi kidogo tu mdomoni. Mti ukipewa lita 4 za maji hayo kila siku kwa siku 90, umetiliwa gramu 360 za chumvi. Mti huyanywa maji, lakini chumvi karibu yote huiacha penye mizizi, na jua huondoa maji bila kuiondoa chumvi. Ndiyo sababu kiangazi kikiisha shimo laweza kuwa chungu kuliko kisima.

Dawa yake ni maji matamu mengi kwa mara moja, yapitayo na kuishusha chumvi chini ya mizizi. Na kisiwani dawa hiyo ni masika. Tusiizuie. Kisahani cha udongo kuuzunguka mti kiachwe wazi ili mvua izame hapo hapo. Lakini tujihadhari na mvua ndogo ya kwanza. Penye mtungi au matone chumvi hukusanyika ukingoni mwa udongo wenye unyevu. Manyunyu machache huiyeyusha na kuirudisha penye mizizi, bila nguvu ya kuishusha. Siku hizo tusiache kunywesha kwa kusema, Mvua imekuja. Tuendelee hata mvua kubwa ifike.

Tena maji yenye chumvi yasimwagwe juu ya majani, wala mchana wa jua. Yawekwe chini, jioni.

7. Maji yaliyo chini ya ua ni ya kijiji

Sasa twafika penye neno lililo kubwa. Yote tuliyoyasema mtu aweza kuyafanya peke yake katika bustani yake. Lakini maji matamu ya kisiwa ni chombo kimoja kilichobeba watu wote. Kisima changu na kisima cha jirani hutazama maji yale yale. Nikileta pampu na kuchota toka asubuhi hata jioni kwa ajili ya michungwa yangu, chumvi haipandi kwangu tu. Yaweza kumfikia mama mjane aliye hatua hamsini kutoka hapa, ambaye hana mchungwa hata mmoja, ila ndoo yake ya kupikia. Yeye hakula tunda, naye amekunywa chumvi.

Siku hizi pampu za nguvu za jua zimekuwa rahisi, nazo ni kitu chema. Pampu ya jua haina gharama ya mafuta, kwa hiyo hakuna kinachomwambia mtu, Sasa yatosha. Zamani mkono uliochoka ulikilinda kisima. Leo sharti tukilinde kwa mapatano.

Yafaa basi kijiji kipatane mambo haya. Kisima cha kunywa watu kisitumike kwa bustani. Visima vya bustani viwe vifupi na vingi, vimetengana, kuliko kimoja kirefu. Maana kuchota kidogo mahali pengi hakuivuti chumvi kama kuchota kingi mahali pamoja. Pampu ipewe saa zake na siku zake za kupumzika. Awekwe mtu wa kupima, kila juma, kwa kamba yenye alama, maji yamesimama wapi. Naye apime wakati ule ule wa maji kujaa au kupwa, kwa sababu visima vya kisiwa hupanda na kushuka pamoja na bahari. Maji yakianza kubadilika ladha, bustani zinyamaze kwanza, kama wafanyavyo wenye falaji, na miti ihudumiwe kwa maji ya bati.

Na mikoko isikatwe ovyo, wala mchanga wa ufuo usichukuliwe kwa kujengea. Mtu aweza kusema, Mkoko una habari gani na mchungwa wangu? Una habari kubwa. Bahari ikipata njia ya kuingia bondeni, mitungi, makumbi na mipira yote haitamfaa mtu kitu. Waliopanda mikoko Kisiwa Panza walikuwa wakiilinda pia miti ya matunda iliyo nyuma yake.

Sisi wa bara tunaotupa maji mengi mferejini bila kuyahesabu, tuwatazame ndugu hawa. Kwao kila lita ina njia mbili: kwenda penye mzizi, au kuacha nafasi yake ijazwe na chumvi.

Maswali ya kujiuliza

1. Kwa nini mtu wa kisiwa kidogo hawezi kuponya kisima chake kwa kukichimba zaidi? Elezeni kwa mfano wa jahazi.

2. Hesabuni miti michanga iliyo katika shamba lenu. Yataka lita ngapi kwa siku? Mnazo?

3. Majani ya mchungwa yakiungua kingo, mtatambuaje kama ni kiu au ni chumvi? Mtafanya nini kwanza?

4. Pimeni paa moja la bati kijijini. Mvua ya milimita 100 ingewapa lita ngapi?

5. Katika kijiji chenu, ni nani atakayeumia kwanza kisima kikiharibika? Je, huyo amealikwa katika shauri la maji?